Tubeless kwenye rimu za spoki: kilichonipata kwenye mchanga nikimpeleka mama Olumbi

Wakuu, salaam kwenu, na heshima kwa wote walio juu ya magurudumu mawili muda huu.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa miaka mingi na mchangiaji wa mara chache. Leo naleta uzi kwa sababu swali la "nitoe tyubu niweke tubeless kwenye pikipiki ya spoki?" linarudi hapa kila mara, na wengi wanaojibu wamesikia tu. Mimi nimefanya. Nitaandika nilichokifanya kwa mikono yangu na nilichokiona. Nisipojua, nitasema sijui.

Niko Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Ndugu wa Mtwara, mimi ni jirani yenu ng'ambo ya Ruvuma. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza sola na redio. Sikupita chuo cha ufundi. Nimejifunza kwa kusoma vitabu vinavyokuja na vifaa, kubomoa, kurudishia, na kubomoa tena.

Pikipiki, huku kwetu tunasema mota, ndiyo inayonipeleka kazini. Yangu ni ya kawaida kabisa: rimu za spoki mbele na nyuma, tairi za tyubu, kariya ya chuma nyuma ya siti.

Sasa, kwa asiyejua tofauti, nieleze kwa ufupi.

Rimu ya spoki imetobolewa kila spoki inapopita. Upepo ukijazwa moja kwa moja ndani ya tairi utatokea kwenye matundu hayo. Kwa hiyo panawekwa tyubu, yaani mpira wa ndani, ambao ndio unaoshika upepo. Tubeless haina mpira wa ndani. Tairi lenyewe linabana kwenye rimu, na rimu haina tundu.

Faida ya tubeless kila mtu anaijua. Msumari ukiingia kwenye tyubu, tyubu inapasuka na upepo unaisha pale pale. Ukiingia kwenye tubeless, unabaki umeziba tundu lake wenyewe, na upepo unatoka kidogo kidogo hadi unafika nyumbani.

Na misumari huku ipo. Tangu watu waliporudi baada ya vita na kuanza kujenga upya, kila barabara ina msumari wa bati uliodondoka kwenye mzigo wa mtu. Nilichoka kufungua gurudumu la nyuma juani, nimevaa nguo za kwenda kwa mteja.

Nikaamua kuliziba gurudumu la nyuma.

Sikukurupuka. Nilisoma kwanza, nikatazama wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya. Nikavua tairi, nikasugua kutu yote ndani ya rimu kwa msasa, nikafuta kwa spiriti. Kila kichwa cha spoki nikakiwekea silikoni, nikaacha ikauke vizuri kabla ya kuongeza tabaka la pili. Juu yake nikazungusha utepe mpana wa kuzibia, bila kikunjo hata kimoja. Nikaweka valvu ya tubeless yenye nati, na tairi la tubeless.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Fundi mmoja wa mashua pale bandarini aliponiona nasugua alinishauri nizibe kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kama wao wanavyoziba mbao. Nilimshukuru lakini nikakataa, kwa sababu mafuta na mpira havikai pamoja. Mpira unalainika, unavimba, mwisho unaoza. Akaniambia, "Basi ikivuja usije kwangu." Nikamwambia sitakuja.

Na haikuvuja. Nililizamisha gurudumu zima kwenye beseni kubwa la kufulia, halikutoa kiputo hata kimoja. Kila asubuhi nikitoka naligusa kwa gumba, liko vile vile. Nimekwenda nalo Palma na kurudi, lami yote, mara nyingi. Siku moja msumari ukaingia kweli. Niliung'oa, nikaingiza uzi wa kuzibia kutoka nje, nikapiga pampu, nikaondoka. Gurudumu halikufunguliwa.

Aliyesimama kuniangalia siku hiyo ni Simão. Huyu ni Mmakonde wa kule Mueda, umri wetu mmoja, anachukua samaki wakavu pwani na kuwapandisha bara kwa mota yake. Ana mdomo.

"Mestre," akasema, ndivyo wanavyomwita fundi kwa Kireno, "kwa hiyo gurudumu lako sasa halina utumbo?"

"Halina. Ndiyo maana haliumwi tumbo."

"Mimi la kwangu linaumwa kila wiki, lakini angalau linakula."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Na ile tyubu niliyoitoa, ambayo ilikuwa nzima, niliifanya kama kila mtu huku anavyofanya tyubu isiyo na kazi. Niliichana kwa mkasi ikawa mikanda ya kufungia mzigo kwenye kariya. Hakuna kamba inayoshika kama mpira. Kumbukeni mikanda hiyo.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Mama yangu ana dada mmoja, mkubwa wake, aliyekuwa akiishi kijiji kimoja upande wa pwani wa Olumbi. Mimi namwita mama mkubwa. Miaka ile tulipotawanyika, mama alikuja na sisi Pemba, ile ya huku Msumbiji, na mama mkubwa akavuka mto na wanawe kwenda upande wa Tanzania. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama mwenzake yuko hai. Walipokutana tena walikaa mkekani wakashikana mikono, na kabla hata ya kuulizana habari za watoto waliwekeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha.

Kwa ndugu wasio Waislamu: maiti wa kike huoshwa na wanawake, hasa wa karibu naye. Anaoshwa kwa maji zaidi ya mara moja, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Kisha anavikwa sanda. Mazishi hayachelewi. Na mwanamke wa kwetu haendi makaburini. Kwa hiyo kwa mama, kumwosha dada yake ndiko kumzika. Baada ya hapo hakuna kingine.

Asubuhi hiyo Sufo, mtoto wa mama mkubwa, alipiga simu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Wataosha baada ya adhuhuri, watazika baada ya alasiri. Akaomba jambo moja: tuje na kafuri, duka la kijijini limeishiwa.

Mama hakulia. Aliingia ndani, akatoka amebeba kifurushi: leso mbili, kafuri, udi, kikombe chake cha bati. Akasimama karibu na mota.

"Twende, mwanangu."

Nikamwambia tungoje gari. Akanitazama. "Gari la abiria linakwenda likijaa. Dada yangu keshajaa." Nilikifunga kifurushi kwenye kariya kwa mikanda yangu ya mpira, akapanda, tukaondoka.

Barabara kuu ilikuwa nzuri. Mama alikaa akinishika kiuno. Saa hazikuwa zinatubana bado. Nilihesabu tutafika na nafasi ya kupumzika.

Kisha tukaiacha lami na kuingia njia ya pwani.

Wakuu ambao hamjui mchanga wa huku, ni mweupe, laini, mkavu kama unga. Tairi gumu linachimba na kuzama. Kwa hiyo kila mwendesha mota wa pwani, akifika mwisho wa lami, anafanya jambo moja hata kabla ya kulifikiria: anashuka, anatoa upepo gurudumu la nyuma mpaka gumba linazama, anapanda, anaendelea. Hatutumii kipimo. Gumba ndilo linaloamua. Tairi linalala, linakuwa pana, linaelea juu ya mchanga. Akirudi lami anajaza tena. Nimefanya hivyo tangu nilipoanza kuendesha, na baba zetu walifanya hivyo kwa baiskeli.

Nikashuka, nikatoa upepo, nikabonyeza kwa gumba, nikatoa tena kidogo kwa sababu tulikuwa wawili na mzigo. Nikapanda.

Tangu nizibe gurudumu hilo, kazi zangu zote zilikuwa za barabara kuu. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza mchangani. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Tulikwenda vizuri hadi mahali njia inapokata kona kati ya mikorosho. Mzizi ulikuwa umelala chini ya mchanga. Gurudumu la nyuma likaupanda kwa ubavu, likateleza pembeni, nikasikia sauti kama ya mtu anayepiga chafya. Mota ikakaa chini. Tukaanguka polepole, upande wa kushoto, kama watu wanaojilaza.

Nikageuka haraka. Mama alikuwa amekaa mchangani, miguu imenyooka mbele.

"Umeniangusha," akasema, "au nimefika?"

Hakuumia, alhamdulillahi. Nikaiinua mota. Tairi la nyuma lilikuwa limetoka kwenye rimu upande mmoja, ukingo wake umeangukia katikati, na upepo wote umeisha. Si pancha. Hakuna msumari, hakuna mwiba. Nilikagua silikoni yangu na utepe wangu: kila kitu mahali pake, safi kama siku niliyoweka. Kilichovuja si nilichokiziba.

Nikatoa pampu ya mkono. Kwa aliyejaribu, anajua. Tubeless ikishatoka kwenye kingo zake inahitaji upepo mwingi kwa pigo moja ili irudi kubana. Pampu ya mkono inatoa upepo kidogo kidogo, na wote unapita pembeni. Nilipiga mpaka shati likaloa.

Kuna mbinu nilikuwa nimeisoma: unazungusha kamba kuzunguka tairi, juu ya meno yake, unaikaza kwa kijiti, tairi linaminywa katikati na kingo zinatanuka kugusa rimu. Mama akaniona natafuta kamba, akafungua leso ya mabegani bila kuulizwa. Tukaizungusha. Yeye akashika kijiti, mimi nikapiga pampu. Ukingo ukagusa, ukashika kidogo, nikafurahi, ukaachia. Mchanga ulikuwa umeingia kati ya mpira na chuma. Nikafuta. Tukarudia. Ukaachia tena.

Mama akaiachia ile leso ikining'inia.

"We Amade. Gurudumu hili si lilikuwa na mpira wa ndani?"

"Lilikuwa nao, mama."

"Uko wapi?"

Hapo, wakuu, sikuwa na pa kujificha. Nikaelekeza kidole kwenye kariya.

Akatazama kifurushi chake. Akatazama mikanda myeusi iliyokifunga. Akauvuta mmoja, ukarudi ukapiga, pa.

"Kwa hiyo tunao."

"Tunao. Ila nimeukata."

"Vipande vingapi?"

"Vingi, mama."

Akatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unacheza. Kicheko kilikuja kikageuka kuwa kilio, cha kwanza siku ile. Nilikaa chini karibu naye. Hakutaka nimguse. Alipomaliza alijifuta kwa ile leso yenye mchanga, akasema nimpe simu.

Mtandao ulikuwepo, hafifu. Alimpigia Sufo. Nilimsikia Sufo akisema kwa upole kwamba maji yako tayari, wanawake wamekusanyika, jua ni kali, hawawezi kungoja sana. Akasema kama tumekwama watatafuta kafuri kwa jirani, wataendelea, na Mungu anajua nia yake.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Anzeni," akasema. "Mwosheni, msimwache akae. Lakini kafuri msiitafute kwa mtu yeyote. Kafuri ninayo mimi. Maji ya mwisho yaacheni, hata ndoo isimame pale. Umenielewa, Sufo? Hamnimalizii dada yangu."

Akanirudishia simu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ameshaiachia sehemu kubwa ya ahadi yake, na kilichobaki ni kidogo sana. Na hicho kidogo kilikuwa mikononi mwangu, kwenye tairi lililolala.

Kutembea kusingekuwa jawabu. Miguu ya mama kwenye mchanga ule, jua lile, ingekuwa hadi jioni.

Ndipo tukasikia mota. Ilikuwa inatoka pwani, imebeba matenga mawili ya samaki wakavu, marefu kuliko dereva. Kabla sijamwona uso nilijua ni nani kwa harufu.

Simão akasimama, akazima, akatutazama mmoja mmoja: mimi, mama, tairi, leso.

"Mestre. Limeanza kuumwa tumbo?"

"Simão, si leo. Tunakwenda msibani."

Akashuka pale pale, akavua kofia. "Pole, mamã. Samahani kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako hauna neno," mama akamwambia. "Una mpira wa ndani?"

Alikuwa nao. Ulikuwa umekunjwa na kufungwa chini ya siti yake, ndani ya mfuko wa plastiki, câmara kuukuu ya gurudumu la nyuma. Alipoukunjua nikaona viraka juu ya viraka. "Una viraka kuliko shati langu la shamba," akasema, "lakini unashika. Wa kwangu ukifa ndio huu ninaouvaa."

Msije mkauliza kwa nini hakumpakia mama. Alijitolea, alitaka hata kushusha matenga. Lakini wabeba samaki hawa wanakata vikanyagio vya abiria ili matenga yakae vizuri. Mtu mzima hawezi kupakiwa kwenye njia ya mchanga miguu ikining'inia hewani. Mama mwenyewe aliangalia akasema hapana.

Tukafanya kazi. Mimi nilikuwa na spana zote, hilo sijawahi kukosa. Kung'oa gurudumu, kutoa valvu ya tubeless, kusafisha mchanga ndani ya tairi kwa leso. Nikapitisha vidole ndani ya tairi lote polepole. Simão akasema, "Mestre, unapapasa nini, tufunge twende." Nilikuwa natafuta ncha ya ule uzi niliozibia msumari siku ile. Ulikuwa umejitokeza ndani, mgumu kama kidole cha mtoto. Ungeachwa, ungesugua tyubu mpaka ikatoboka. Nikaukata kwa wembe usawa wa mpira. Nikaipuliza tyubu kidogo ili isijikunje, nikaiingiza, Simão akakaa juu ya tairi kwa magoti, nikarudisha ukingo kwa vyuma. Pampu. Nikasikia pa, pa, kingo zikakaa pande zote mbili.

Nilibonyeza kwa gumba. Mama naye akaja, akabonyeza kwa gumba lake.

"Hili lina utumbo," akasema.

Simão alikataa kuondoka mbele yetu. Alisubiri akatuona tumepanda, tumepita kona, ndipo nikasikia mota yake ikiwaka.

Sikukimbia. Mtu akichelewa anataka kukimbia, na mchanga hautaki hivyo. Nilikwenda mwendo mmoja, nikikwepa kila mzizi, na mama akanishika kiuno kama mwanzo.

Tulipofika uani wanaume walikuwa wamekaa nje, jeneza limesimamishwa ukutani. Sufo akainuka. Alifungua njia. Mama hakusubiri nifungue kifurushi. Aliivuta mikanda yangu ya mpira mwenyewe, akakichukua, akaingia.

Nilibaki nje na wanaume. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, sijui ya nani, ikisema, "Ndoo hii hapa, Bi Atija. Tumekuachia." Na baada ya muda, maji. Yalimiminwa polepole sana, kwa kikombe, mara moja, yakasimama, mara nyingine, yakasimama. Niliyatambua kwa mlio wa bati. Kilikuwa kikombe chake.

Alipotoka mikono yake ilikuwa imekauka lakini inanukia kafuri. Alikaa karibu na mlango na wanawake wenzake. Hakuniita. Tukaswali, tukazika, tukarudi. Jioni, wakati wa kuagana na wageni, alipita nilipokuwa nimesimama akasema tu, "Nilimfikia, mwanangu." Basi.

Sasa fundisho, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa jamaa mwenye oficina, yaani gereji, nikamwomba rimu mbili mbovu: moja ya spoki kama yangu, nyingine ya kumwaga, ile mnayoiita sport rim, iliyotengenezwa kwa tubeless. Nikazikata zote mbili kwa msumeno wa chuma na kuziweka meza moja, nikitazama umbo lake kwa ubavu.

Tofauti inaonekana kwa macho. Rimu zote zina mfereji katikati, na pembeni pana kijukwaa ambapo ukingo wa tairi unakaa. Lakini rimu ya tubeless, kati ya kijukwaa na mfereji, ina tuta dogo linalozunguka duara lote. Tuta hilo linazuia ukingo usiteleze kuingia mferejini hata upepo ukipungua. Rimu yangu ya spoki haikuwa na tuta. Ni laini, mteremko moja kwa moja.

Tairi likiwa limejaa, upepo wenyewe unasukuma ukingo ukae, kwa hiyo kwenye lami sikuona tatizo lolote. Siku niliyotoa upepo na kupanda mzizi kwa ubavu, ukingo haukuwa na cha kuuzuia. Uliteleza, na kwenye tubeless ukingo ukiachia kidogo tu, upepo wote unaondoka. Kwenye tyubu, ukingo unaweza kuteleza kidogo, lakini mpira wa ndani bado umeshika upepo wake na unausukuma urudi.

Kwa hiyo silikoni haikuwa na kosa. Nilitumia akili yangu yote kuziba matundu, na matundu hayakuwa swali.

Jambo jingine ambalo sijaliona likisemwa hapa: spoki zinalegea, na zinahitaji kukazwa mara kwa mara, hasa kwenye njia mbaya. Ukishagandisha vichwa vyake kwa silikoni, kila ukikaza unararua ulichoziba. Utachagua gurudumu lililonyooka au gurudumu lisilovuja.

Sisemi tubeless ni mbaya. Zipo rimu za spoki zilizotengenezwa kwa tubeless tangu kiwandani, spoki zake zinashika pembeni na si katikati, na tuta lipo. Hizo sijawahi kuzitumia, sizisemei. Na mtu anayetembea lami tu, asiyetoa upepo kamwe, huenda akakaa na rimu iliyozibwa miaka mingi. Tazama maandishi yaliyogongwa kwenye rimu yako: mara nyingi ukikuta MT, tuta lipo, ukikuta WM, ni ya tyubu. Ukiwa na shaka, vua tairi upitishe kidole.

Ila kama una rimu ya kawaida ya spoki na njia zako zina mchanga, kaa na tyubu. Beba ya akiba. Usiichane.

Simão nilimpelekea tyubu mpya. Akaipokea, akaigeuza, akaniambia hii haina historia, anataka ile ya viraka. Nikamwambia ile haitoki, iko kwenye gurudumu langu mpaka leo na bado inashika. Sasa kila tukikutana sokoni, mbele za watu, ananisalimia, "Mestre, habari za utumbo?"

Wakuu, nakaribisha maoni, na kusahihishwa pia. Hasa ninyi wa Mtwara, Lindi na Mafia mnaotembea mchanga kama wetu: kuna yeyote aliyeziba rimu isiyo na tuta, akatoa upepo, na ikamshikilia? Kama ipo, nieleze ulifanyaje, maana mimi sijaona njia.

Naishia hapa kwa sasa. Kesho ni arobaini ya mama mkubwa na tunaondoka mapema. Mama ameshafunga kifurushi chake kwenye kariya, kwa kamba ya katani. Nilipomuuliza kwa nini si mikanda ya mpira, alibonyeza tairi kwa gumba, naye akaniuliza, kama anavyouliza kila siku kabla ya kupanda: wa ndani upo?

Upo, mama.